Chafya Nyuma ya Mabati

Chafya yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa chafya ya mzee, kavu na fupi, ya mtu aliyezoea kuipiga akiwa peke yake. Ila ilitoka upande wa pili wa ukuta wa mabati, ndani ya kibanda kilichofungwa kwa kufuli, saa tisa mchana, wakati wanawake sita walikuwa wamekaa sebuleni kwa Jepleting wakisubiri chafya nyingine kabisa.

Mtoto wa Jepleting alikuwa na siku nne. Kogo Chemutai, shangazi wa mume wa Jepleting, alikuwa ameshuka kutoka Elburgon kuja kumpa mjukuu jina kwa njia ya kwao: mtoto anapakatwa, ugoro kidogo unashikwa kwenye ncha ya kidole karibu na pua yake, na majina ya wazee wa ukoo waliokufa yanaitwa moja baada ya lingine, polepole. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo amekubali kurudi. Jepleting alikuwa na diploma ya famasia na kazi katika duka la dawa mjini. Alijua vizuri kwamba ugoro ukisogezwa puani hata askofu atapiga chafya, na kwamba ujanja wote uko kwa mwenye kidole, anayejua wakati wa kukisogeza. Lakini alikuwa amechoka, matiti yanamuuma, na Kogo si mtu wa kubishiwa.

"Ni Kibii?" Kogo aliuliza.

Mzee Kibii alikuwa baba mkwe wake Jepleting, aliyekufa miezi sita iliyopita. Kila mtu pale alijua ndiye angekuja.

Pua ya mtoto ikacheza. Wanawake wakashika pumzi. Ndipo ile chafya ikasikika, nyuma ya mabati.

"Nani yuko huko kwa kibanda cha gemu?" Kogo akauliza.

"Hakuna mtu," Jepleting akasema. "Nimefunga mwenyewe. Ufunguo ndio huu."

Milcah, jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa na mimba ya miezi sita na mdomo usio na breki, akacheka. "Si basi amekubali! Amekosea tu nyumba."

Hakuna aliyecheka naye. Kogo aliita majina yote, akayarudia, akasogeza kidole mpaka ugoro ukagusa mdomo wa juu wa mtoto. Mtoto alimwangalia tu. Mwishowe Kogo alifunga ugoro wake kwenye pindo la leso akasema, "Hatujamaliza," na chai ikanywewa kimya kama chai ya matanga.

Kibanda hicho cha gemu kilikuwa cha Kipketer, mume wake, na kilishikana na nyumba yao ya mtaa wa Kaptembwo ubavu kwa ubavu. Ndani kulikuwa na mashine mbili. Moja ilikuwa mpya, nyeusi na nyembamba, na runinga yake ilikuwa pana kama mlango wa kabati. Ya pili ilikuwa ya kijivu, ya miaka ishirini na zaidi, kifuniko chake kimekazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na runinga yake ilikuwa na mgongo mrefu kama wa ng'ombe. Ile mpya ilikaa ikipigwa na vumbi. Ya kijivu ndiyo iliyokuwa na foleni.

"Hiyo mpya inataka akaunti, inataka password, inataka apdeti ya nusu siku," Kemboi wa bodaboda alikuwa akisema. "Sasa mimi nimekuja kucheza mpira ama nimekuja kuomba visa?"

"Na ikimaliza apdeti unapata wamekubadilishia mchezo," aliitikia Sitati, mumewe Milcah. "Hii ya zamani ukiiacha jana, leo unaikuta palepale. Niambie kitu kingine hapa Nakuru kinafanya hivyo. Hata mke wangu hafanyi."

Jepleting aliyasikia hayo kupitia mabati kila siku na hakuyaamini hata kidogo. Wanaume wakipenda kitu rahisi hukitafutia falsafa. Ukweli ni kwamba ile mpya ilikuwa inawashinda, na ya zamani walikuwa wanaishinda. Basi.

Aliyeipenda ile ya zamani bila falsafa alikuwa Mzee Kibii peke yake. Miaka thelathini aliendesha kombaini ya ngano huko Njoro, na alipokuja kukaa nao vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kama mizizi. Mashine mpya ilitaka vitufe kumi na kitu. Ya kijivu ilitaka viwili: cha pasi na cha kupiga. "Na mimi nimebaki na vidole viwili vya kazi," alisema, akavionyesha, akakaa kwenye stuli karibu na mlango. Alijifunza mchezo huo mmoja tu, na jambo moja katika mchezo huo alikataa kulijifunza kabisa. Baada ya mapumziko timu hubadilishana upande. Mzee hakubadilishana na mtu. Kipindi cha pili chote alishambulia upande uleule wa kwanza, akampita beki wake mwenyewe, akamfunga kipa wake mwenyewe, akainua mikono.

"Mzee, umejifunga!"

"Goli ni goli," alijibu.

Jepleting alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Mzee huyohuyo, Jepleting alipokuwa na mimba changa na harufu ya vitunguu inamtoa roho, alimenya viazi naye jikoni miezi mitatu bila hata siku moja kutangaza kwamba anasaidia. Wanaume wa namna hiyo ni wachache. Alipokufa, nyumba ilipungua kwa kitu kikubwa kuliko mtu mmoja.

Kipketer hakulia matangani. Alirudi Kaptembwo, akawasha ile mashine ya kijivu, akaunda timu. Mchezo ule ulikuruhusu kuandika majina ya wachezaji, herufi nane tu kila mmoja, na yeye akaandika majina ya wafu wa ukoo wake, babake akiwa namba tisa. Alipofika kumi, majina yakamwishia. Kuwaita wafu ni kazi ya wanawake. Mwanaume hujua wale aliowazika. Basi akachukua Biblia ya babake, akafungua ukurasa wa kwanza palipoandikwa ukoo, na hapo akaona jina moja limekatwa kwa kalamu, mistari miwili, lakini linasomeka: Kiprugut. Hakushangaa. Ni familia gani ya Bonde la Ufa haina ndugu aliyekatwa kwa ajili ya shamba? Akamwandika. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya golini.

Kipa huyo hakufungwa goli hata moja. Wiki, mwezi, msimu mzima. Mashuti ambayo kila mchezaji wa zamani alijua lazima yaingie, ya kutoka pembeni kulia, yaliishia mikononi mwake, na kila akidaka kibanda kizima kilinguruma: "Kiprugut!" Mara mia kwa siku. Mara mia mbili siku za mvua. Wengine walileta kadi zao za kuhifadhia mchezo wakiomba nakala ya timu hiyo, Sitati akiwa wa kwanza, na Kipketer, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsifu kwa lolote, aliwapa.

Mtoto alipofika wiki ya tatu, alianza kufunga mdomo.

Hakukataa titi. Mtoto anayekataa titi hugeuza uso, hulia, hupiga teke. Huyu alishika, akanyonya mara mbili, mara tatu, halafu midomo ikafungana kama mlango, na maziwa yakamtiririka shingoni huku macho yake yakimtazama mamake kwa njaa. Alikuwa amezaliwa na kilo tatu na robo. Alipofika wiki ya tano alikuwa na mbili na nusu. Jepleting alimpeleka kliniki mara tatu; wakamwangalia ulimi, wakamwangalia koo, wakapima damu, wakasema hawaoni kitu, ampe muda. Akajaribu kijiko. Akajaribu sirinji aliyoileta kutoka kazini. Matone yalifika kwenye ufizi yakarudi. Kwenye kadi ya kliniki mahali pa jina palikuwa bado pameandikwa "mtoto wa Jepleting", na kila alipoiona alihisi kama anayesoma kibandiko cha kitu ambacho bado hakijachukuliwa na mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi mchana alipogundua. Mtoto ameshika titi. Nyuma ya mabati wanaume wakanguruma, "Kiprugut!" Mdomo ukafunga. Akangoja. Mdomo ukafunguka, mtoto akashika tena, tone moja, mawili, na sauti ya Kemboi ikapaa, "Kiprugut, wewe ni noma!" Mdomo ukafunga. Mara tatu. Mara saba. Kufikia ya kumi na moja Jepleting aliinuka akaenda mpaka mlango wa kibanda mtoto akiwa kifuani.

"Kipketer. Toka hapa kidogo."

Kipketer akatoka akikunja macho kwa jua.

"Zima hiyo mashine."

"Ni kelele? Nitawaambia wapunguze."

"Si kelele. Ni hilo jina. Wakiliita, huyu hanyonyi."

Kipketer alimtazama, kisha akamtazama mtoto, akashusha sauti wasisikie walio ndani. "Jep. Hata wewe? Na diploma yako?"

"Diploma nimeiweka kwa kabati. Angalia mtoto wako. Mshike. Niambie ana uzito gani."

Akamshika, akamrudisha. Aliingia, akawatoa watu, akachomoa waya, akafunga kufuli. Jumapili pasta wa kanisa lao akaja na mafuta na kipaza sauti, kana kwamba Mungu yuko ng'ambo ya barabara kuu, akakemea jini la baharini lirudi Mombasa. Watu wa Kaptembwo wakikosa jina la kitu huliita jini, na kosa hulitwika Mombasa. Mtoto alilala wakati wote wa maombi. Alipoamka hakunyonya.

Jumatatu stima ilipotea mtaa mzima. Ilikuwa saa nane, jua limesimama utosini, na Kaptembwo ikapata ule ukimya wa ajabu wa mchana bila redio, bila mashine ya kusaga, bila kinyozi. Kipketer alikuwa ameenda mjini. Jepleting alikaa kitandani akijaribu tena, tone moja, tone moja, ndipo akasikia nyuma ya mabati makelele ya mashabiki.

Si watu. Mashabiki wa ile gemu: mvumo ule wa bati na upepo ambao mashine ya kijivu ilikuwa ikiutoa badala ya umati. Kisha *pap*, mpira kwenye glavu. Mdomo wa mtoto ukafunga. *Pap*. *Pap*.

Akainuka, kwa sababu ubaya wa kuogopa kwa ajili ya mtoto ni kwamba huna ruhusa ya kukimbia, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akachukua ufunguo, akatoka, akazunguka, akafungua kufuli, akausukuma mlango, na mlango haukuenda. Ulisogea upana wa vidole viwili ukagonga kitu, kitu kizito na laini kilicholala chini kukingama kizingiti kama gunia lililojazwa, na kupitia ule ufa ikatoka harufu ya ugoro na chini yake harufu ya vumbi la wimbi wa kale, nafaka ya ghala lisilofunguliwa miaka mingi, naye akakumbuka, akiwa bado ameegemeza bega, kwamba Mzee Kibii alikuwa mtu wa kanisa ambaye hakuwahi kugusa ugoro maisha yake yote na kwamba tangu siku ile ya kwanza alikuwa akijiambia ni mzee tu, ni mzee tu amerudi kucheza, na hapo chini, karibu kabisa na vidole vyake vya mguu vilivyokuwa kwenye ndara, gunia lile likavuta pumzi, ndefu, likaishika, likapiga chafya.

Alimpigia simu Kogo akiwa amekaa juu ya ndoo nje kwa Milcah.

"Kogo, Kiprugut ni nani?"



"Ni nani amekupa hilo jina?" Kogo akanong'ona.

"Liko kwa gemu. Kipketer aliliandika. Wanaliita kila siku."

"Wanaliita." Pumzi. "Mara ngapi?"

"Kogo, sijui. Mara mia."

"Nakuja. Usilitaje tena. Hata kwa moyo."

Alifika kesho yake kabla ya saa sita, vumbi la Elburgon bado liko kwenye viatu. Hakunywa chai. Alimchukua mtoto, akambonyeza tumbo kwa kidole gumba jinsi mtu anavyobonyeza parachichi, akamrudisha. Kisha akamkalisha Kipketer mbele yake.

"Wewe uliona amekatwa?"

"Niliona, Kogo. Nilidhani ni mambo ya shamba."

"Mambo ya shamba!" Alitaka kucheka akashindwa. "Huyo alikuwa ndugu ya babu yako. Mwaka wa njaa kubwa ukoo mzima uliweka wimbi kwenye ghala moja, na yeye ndiye aliyepewa kulinda. Akaingia ndani, akafunga, akalala mlangoni. Watoto walikuja wakilia, akakataa. Mama zao walisukuma ule mlango, ukasimama kwa uzito wake. Usiku walimsikia akinusa ugoro, akipiga chafya gizani, ameshiba. Watoto saba walikufa nje ya mlango huo. Walipovunja ukuta wa nyuma, walimkuta naye amekufa, na wimbi limebaki magunia." Akafuta mdomo kwa leso. "Tangu siku hiyo wanawake wa ukoo wetu wakiita majina, hilo wanaliruka. Mama anamfundisha binti mahali pa kuruka. Na wewe, mwanangu, umeenda ukampa mlango wa kulinda."

Kipketer alikuwa ameshika kichwa. "Ningejuaje? Hakuna mtu alituambia. Wanaume hawaambiwi."

"Kweli," Kogo alisema. "Hilo ni kosa letu."

"Na ile siku ya jina?" Jepleting akauliza kwa sauti ndogo.

"Siku ile Kibii aliitwa, akaja. Akakuta mtu amelala mlangoni."

Kipketer akainuka akatoka, akarudi na nyundo. Kogo hakunyanyuka. "Vunja. Ukivunja ghala, huyo aliyelala ndani ataenda kulala wapi?" Macho yake yakashuka kwa mtoto. Nyundo ikashuka pia.

"Basi nitafuta jina."

"Jina lililoitikiwa halifutwi. Niambie kitu kimoja. Kwa huo mchezo wenu, mtu anampitaje huyo wa mlangoni?"

"Kwa kufunga goli."

"Basi mtu ampite."

Walimwita Kemboi, kwa sababu Kaptembwo yote haikuwa na mkono kama wake. Alikuja akitafuna, akaambiwa, akaacha kutafuna. Stima ilikuwa imerudi, na mlango ulifunguka vizuri, jambo ambalo Jepleting alilichukia zaidi kuliko ungekataa. Kemboi alichagua timu ya wageni, ya ukoo ikaachiwa mashine iichezeshe, akapiga shuti la kwanza. *Pap*. Mtoto, mikononi mwa mamake, akafunga mdomo. Shuti la pili, lile la pembeni kulia lililokuwa likiingia tangu Kemboi akiwa darasa la nne. *Pap*. Mtoto akafunga macho. La tano. La tisa. Jasho lilimtoka Kemboi mpaka kwenye kidevu.

"Mathe, huyu si kompyuta," alinong'ona bila kugeuka. "Kompyuta ya zamani ina akili ndogo, unaijua. Huyu ananiangalia mimi. Haangalii mpira."

Shuti la kumi na mbili lilipodakwa, kifua cha mtoto kikasimama, kikakaa, kikakaa, na Jepleting akampuliza usoni, akamtikisa, akamwita kwa vile hana jina, "Wewe! Wewe! Wewe!" mpaka kikaanza tena, kidogo, kama kitu kinachoazima pumzi.

"Acha!" akasema. "Acha, Kemboi. Kila akidaka anamchukua."

Kipketer alikuwa analia sasa, kwa sauti, machozi yote ambayo hakuyatoa matangani, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwangalia. Jepleting alitazama stuli iliyokuwa karibu na mlango. Akawaza jambo la kijinga. Na kwa vile mambo ya akili yote alikuwa ameshayajaribu, akampa Kogo mtoto, akachukua padi ya vitufe kutoka kwa Kemboi, akaanza mchezo upya.

"Unachukua timu gani?" Kemboi akauliza.

"Hii hii. Ya ukoo."

"Lakini huyo atakuwa kipa wako."

"Najua."

Hakujua kucheza. Kipindi cha kwanza alibonyeza pasi, pasi, pasi, mpira ukazunguka katikati kati ya wazee waliokufa kama habari kwenye matanga. Mapumziko yakafika, timu zikabadilishana upande. Jepleting alimtafutia mpira namba tisa, akamfikishia. Kisha akasimama, akaweka padi juu ya ile stuli tupu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Baba," alisema. "Kipindi cha pili."

Namba tisa alisimama na mpira mguuni. Vitufe havikuwa vinaguswa na mtu. Halafu aligeuka, taratibu, kwa ule ugumu wa mzee anayegeuza kombaini pembeni mwa shamba, akaanza kurudi, si kwa goli la wapinzani bali kwa la kwao, akampita kiungo wake na beki wake ambao hawakumzuia kwa sababu mtu hamzuii wa kwao, na kipa, ambaye uso wake kwenye mashine hiyo ya zamani ulikuwa siku zote ni vidoti vitatu vya kahawia, akawa na uso, akawa na mdomo, mdomo umefungana, akatoka golini akaja akalala chini kukingama njia yote kama gunia, na mashine ikaanza kutoa moshi wenye harufu ya ugoro, na Kogo nyuma yao akaanza kuita kwa sauti iliyokatika, "Ni Kibii? Ni Kibii? Ni Kibii?" na padi juu ya stuli ikabonyea, kitufe kimoja, polepole, kama kwa kidole kisichokunjika vizuri.

Mpira ulipita.

Herufi kubwa za njano zikaandika GOLI, na mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, yenye maji, ya mtoto kabisa. Kisha akalia, kilio cha hasira cha mtu aliyecheleweshewa chakula wiki mbili na zaidi, na Jepleting hakungoja kutoka, alikaa chini palepale kwenye sakafu ya kibanda mbele ya Kemboi na mtu mwingine yeyote aliyetaka kutazama, akamnyonyesha Kibii mpaka Kibii akalewa maziwa.

"Goli ni goli," Kipketer alisema, akicheka na kulia kwa pamoja.

Kogo alichomoa kadi kutoka kwenye mashine iliyoungua, akaifunga kwenye leso pamoja na ugoro wake. "Nitaipeleka mahali."

"Amekwisha?" Jepleting akamuuliza.

"Amefukuzwa kwenu," Kogo alisema. "Wewe ni msomi. Sikia nilivyosema."

Miezi miwili ilipita. Kibii alifika kilo nne na nusu, akapata makunyanzi mapajani, na kwenye kadi ya kliniki jina likaandikwa kwa wino. Kipketer aliuza mashine mpya, akaanza kuuza mayai. Maisha yalirudi kuwa na kelele zake za kawaida, na Jepleting alikuwa ameanza kupita karibu na mabati bila kujikaza.

Jumamosi moja mchana Milcah alijifungua nyumbani, ghafla, kabla hata teksi haijafika. Jepleting alisikia kilio cha mtoto, akashukuru Mungu, akachemsha uji, akauweka kwenye chupa. Alikuwa mlangoni kwa jirani, chupa mkononi, aliposikia ndani mvumo ule wa bati na upepo. Mashabiki.

Sitati alimfungulia, padi ikining'inia shingoni kwa waya, uso wote ni meno. Nyuma yake, mbele ya kitanda cha Milcah, mashine nyingine ya kijivu, ya Sitati mwenyewe, ilikuwa imewashwa, ndani yake kadi yenye nakala ya timu aliyopewa na Kipketer.

"Karibu, karibu, Mama Kibii! Ni msichana. Nilikuwa na wasiwasi mpaka nikaamua nicheze kidogo kutuliza roho, unajua hii ya zamani inavyotuliza. Na sikia, hautaamini." Akamshika mkono kumvuta ndani. "Kipa amedaka penalti, mimi nikapiga yowe la jina lake. Na mtoto, dakika tano tu duniani, akapiga chafya! Milcah ananiambia kwenu hiyo ni baraka."

Kitandani Milcah alikuwa amemweka mtoto kifuani, akimsogeza taratibu kwenye titi, akimgusa shavu kwa kidole jinsi alivyofundishwa.

"Hebu nisaidie, Jep," alisema, bado anatabasamu. "Hataki kufungua mdomo."